Dakika Nne kwenye Kiti cha Baba Mkwe

Kama gazeti la wiki iliyopita walikufungia sabuni dukani kabla hujalisoma, mambo yalikuwa hivi. Nilikuwa fundi wa lifti. Lifti ilikwama na mkurugenzi ndani, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu, nami nikiwa ng'ambo ya barabara nakunywa chai. Alikaa humo masaa mawili na nusu. Alipotolewa yeye, nikatolewa na mimi. Kazini.

Mke wangu sikumwambia. Kwa wiki kumi na moja niliondoka nyumbani kila asubuhi na ovaroli yangu na chombo changu cha chakula, nikaenda kukaa kwenye benchi la kliniki ya meno. Pale pana feni na magazeti, na hakuna anayemuuliza mtu aliyeshika shavu anangoja nini.

Wiki ya kumi na mbili mke wangu akaumwa jino.

Hakupiga kelele aliponikuta benchini. Aling'olewa jino, akarudi nyumbani, akafunga begi. Mlangoni akasema, huku pamba ikiwa bado shavuni, "Sikuachi kwa sababu huna kazi. Nakuacha kwa sababu sijui ni lini unasema kweli." Akaenda kwa baba yake.

Nilivumilia siku tisa. Siku ya kumi nikapanda basi kumfuata.

Baba mkwe anaishi kwenye mji mdogo wa pwani unaojulikana kwa jambo moja tu: samaki mkubwa anayevuliwa kwa starehe. Si wa kuliwa. Watu wanatoka mbali, wanapanda boti, wanapigana na samaki mpaka mikono inatetemeka, wakimpata wanampiga picha, wanamchoma kialama cha plastiki mgongoni, wanamwachia aende zake. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka, nikidhani nataniwa. Aliyekuwa ananieleza hakucheka.

Samaki mwenyewe anaitwa nduaro. Ana mdomo mrefu kama mkuki na uzito wa pikipiki mbili. Pale stendi kuna nduaro wa saruji aliyevunjika mdomo, wakamchomekea bomba la maji. Kinyozi ana nduaro ukutani. Duka la dawa lina nduaro. Nyumba ya wageni niliyofikia ilikuwa na nduaro mkavu juu ya kitanda, mdomo umeelekea kwenye mto. Nililala miguuni.

Asubuhi nikaenda.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ni wengi."

"Mumeo."

Cherehani ikasimama, halafu ikaendelea. "Mume wangu yupi? Fundi wa lifti au mgonjwa wa meno?"

Nikaingia. Alikuwa anashona sare za shule, pini tatu mdomoni, na bado maneno yalikuwa yanatoka yamenyooka.

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Uliomba kwenye simu."

"Nimekuja kukuchukua."

"Mimi si kifurushi." Akatoa pini moja, akaichomeka kwenye pindo. "Sikiliza. Siku nitakayokusikia unasema ukweli unaokuuma wewe mwenyewe, bila mtu kukukamata, siku hiyo nitachukua begi langu tuondoke. Na siku utakayonidanganya tena, hata kama ni kuhusu saa ngapi umeamka, usihangaike kupiga hodi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Umeamka saa ngapi?"

"Saa tisa. Kuna samaki juu ya kitanda changu."

Akaniangalia kwa muda, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata. Akarudi kwenye cherehani.

Baba mkwe akatokea uani. Huyu mzee alikuwa mkaguzi wa mizani kwa miaka thelathini na moja. Aliingia madukani na mawe yake ya kilo kwenye sanduku la mbao, na wenye duka walijificha chini ya meza zao. Mji mzima unamwita Mizani. Hajawahi kusema uongo, si mkubwa wala mdogo. Marehemu mama mkwe alimuuliza siku moja kama amenenepa, akamtajia kilo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekonda."

"Kidogo tu, baba."

"Si kidogo. Kilo nne." Akanizunguka kama gunia linaloshukiwa. "Kesho ni siku ya mwisho ya mashindano ya kuvua. Mwenzangu wa botini ameteguka mgongo. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti na kungoja. Utaweza?"

"Baba, nimekaa kwenye benchi wiki kumi na moja. Nadhani nina uzoefu."

Mke wangu aliinamia kitambaa. Niliona bega lake likitikisika. Labda ilikuwa cherehani.

*

Tuliondoka gatini saa kumi na mbili asubuhi, watu wanne. Baba mkwe. Nahodha, anayemiliki boti pamoja na mzee, na hawajaafikiana juu ya rangi yake, ndiyo maana upande wa kushoto ni bluu na wa kulia ni kijani. Mimi. Na baharia wanayemwita Tisa, mtu mzima mwenye mvi, aliyepoteza kidole kimoja kwenye mshipi wa kuvulia zamani.

"Mkwe," akaniambia Tisa, "unajua sheria?"

"Sijui hata upande upi ni mbele."

"Vizuri, hutabishana. Fimbo za kuvulia ndizo hizi. Kiti ndicho hiki. Kila mtu ana zamu yake ya saa moja hapo kitini. Samaki akikamata, mwenye zamu anashika fimbo, na aliyeshika ndiye atakayemaliza. Peke yake. Mwingine akiigusa fimbo, hata kwa ukucha, samaki huyo si samaki tena. Ni hadithi."

"Na nikichoka?"

"Unachoka ukiwa umekaa."

"Na nikitaka kwenda haja?"

Tisa akanionesha ndoo, kisha akanionesha umbali wa ndoo. "Utaiangalia tu."

Nahodha akacheka huko kwenye usukani. Baba mkwe hakucheka. Alikuwa anakagua mshipi, shibiri kwa shibiri.

Baadaye Tisa alininong'oneza kilichomfanya mzee asicheke. Ndani ya klabu ya wavuvi kuna ubao wa mbao ngumu. Ukimpata nduaro mashindanoni, wanaandika jina lako na la boti yako. Kinyozi yumo. Mwenye duka la dawa yumo. Mhasibu mmoja aliyekuja likizo mara moja tu, akatapika safari nzima, yumo. Mzee ameshiriki miaka tisa. Hayumo. Kila mwaka wanamuuliza barazani, "Mizani, mwaka huu vipi?" naye, kwa kuwa hawezi kusema uongo, anajibu, "Sikupata kitu."

Zamu ya kwanza ilikuwa yake. Alikaa wima kama yuko mahakamani, macho kwenye maji. Saa nzima. Hata chai hakunywa.

Saa ilipotimia, akasimama. "Zamu yako."

"Baba, endelea tu. Mimi sina haraka."

"Zamu ni zamu."

Ndiyo hivyo, msomaji. Mzee mwenye mizani yake kichwani. Nikakaa, Tisa akanifunga mkanda kiunoni, nikaanza kufikiria mambo ya mke wangu.

Dakika ya nne, fimbo ikapinda.

Sikuwa nimefanya lolote. Naapa. Gurudumu la mshipi likaanza kulia kama msumeno, na huko nyuma yetu, mbali, kitu kikubwa cha rangi ya chuma kikaruka juu ya maji, kikajitingisha, kikaanguka kwa kishindo.

"Nduaro!" akapiga kelele nahodha.

"Shika fimbo!" akapiga kelele Tisa.

Baba mkwe hakusogea. Alikuwa amesimama hapo hapo alipokuwa amesimama, mkono mmoja ukiwa bado kwenye mgongo wa kiti. Miaka tisa. Dakika nne.

Nikashika fimbo, nikageuza shingo. "Baba, huyu ni wako. Njoo umchukue."

"Usimpe!" akanifokea Tisa. "Nimekuambia nini? Umeshashika!"

"Lakini..."

"Vuta, mwanangu," akasema mzee taratibu. "Fimbo ikishuka, vuta. Ikipanda, zungusha."

Nikavuta. Nikazungusha. Niwaambie ukweli, kupigana na nduaro ni kama kuvuta lifti kutoka ghorofa ya kumi kwa kamba ya viatu, na ndani ya lifti kuna mkurugenzi ambaye hataki kuja. Unapata hatua kumi, anakunyang'anya ishirini. Nusu saa ya kwanza nilidhani nitamshinda. Nusu saa ya pili nilidhani nitakufa. Nusu saa ya tatu nilianza kuona kufa si wazo baya.

Jua lilikuwa limeshaanza kuwaka. Viganja vilinichubuka. Tisa alikuwa ananimwagia maji kichwani kwa kopo na kunitia moyo kwa namna yake.

"Vuta, mkwe! Hata yule mhasibu alivuta!"

"Mhasibu alikuwa na mke wa kumrudia?"

"Alikuwa nao wawili. Vuta!"

Ndipo baba mkwe akaja mbele yangu na kikombe cha maji ya kunywa. Sasa naomba muelewe hali ilivyokuwa. Mzee wa miaka sabini na moja, goti lake la kulia bovu, boti inayumba, amesimama juu ya sakafu iliyolowa, inayoteleza, ameinama, ananinywesha mimi kwa mkono wake mwenyewe. Mimi niliyemliza binti yake. Na mimi nimekaa. Nimekaa kama sultani.

Nimelelewa na mama mkali. Mambo mengi aliyonifundisha nimeyasahau, lakini hili liliingia hadi kwenye mifupa: mkweo akisimama, wewe hukai. Sikufikiri. Mwili ulifikiri wenyewe. Nikafungua mkanda, nikainuka na fimbo yangu mikononi, nikasema kwa adabu zote:

"Baba, karibu kiti."

"Kaa chini!" wakapiga kelele wote watatu.

Samaki naye akaamua wakati huo huo kuondoka.

Miguu yangu iliacha sakafu. Niliona ukingo wa boti ukipita chini ya tumbo langu, rangi ya bluu upande mmoja na ya kijani upande mwingine, nikapata hata nafasi ya kuwaza kwamba kijani ni nzuri zaidi. Halafu kitu kikanikamata ukosi wa shati, na mkono mwingine ukapita begani kwangu, ukaishika fimbo katikati, ukaikaza.

Baba mkwe. Goti bovu na yote. Tukaanguka pamoja nyuma, mimi juu yake, fimbo juu yetu.

Gurudumu liliendelea kulia.

"Uko mzima?" akaniuliza mzee, kutoka chini yangu.

"Nadhani ndiyo, baba."

"Basi inuka. Una uzito zaidi kuliko nilivyokadiria."

Akaiachia fimbo, nami nikarudi kitini nayo. Tisa akanifunga mkanda, safari hii kwa fundo ambalo shetani mwenyewe asingelifungua. Dakika ishirini baadaye nduaro alikuwa ubavuni mwa boti, amechoka kama mimi, jicho lake kubwa kama sahani ya kikombe likiniangalia bila chuki. Tisa akamchoma kialama. Nahodha akapiga picha. Samaki akapiga mkia mmoja, akazama zake, ana mambo mengine ya kufanya.

Nikageuka kushangilia. Nikakuta nyuso tatu zimenuna.

"Aliigusa fimbo," nikasema, ndipo ikaniingia akilini.

"Mimi nilikuwa naangalia mbele," akasema nahodha haraka. "Nahodha lazima aangalie mbele."

"Mimi nilikuwa nahesabu vidole," akasema Tisa. "Vipo tisa. Sikuona zaidi ya hapo."

Tukamwangalia mzee. Alikuwa anaangalia kiganja chake. Mshipi ulikuwa umemchana ngozi kutoka kidole cha shahada hadi kwenye kifundo. Akatoa leso, akajifunga, akatia mkono mfukoni.

"Turudi," akasema.

Nahodha alikuwa ameshapandisha bendera. Bendera ikipanda kila mtu nchi kavu anajua nduaro amepatikana, na huwezi kuishusha ukasema ilikuwa ya majaribio.

*

Gatini walikuwa wamejaa. Kinyozi, mwenye duka la dawa, wazee wote wa barazani.

"Mizani! Leo vipi?"

Mzee akanishika bega kwa ule mkono mzima. "Mkwe wangu," akasema. Hayo tu. Wakanibeba. Sijawahi kubebwa tangu nizaliwe, na kwa ushauri wangu, kama mgongo unauma usikubali.

Juu ya mabega ya kinyozi ndipo nilipomwona mke wangu, amesimama kwenye mlango wa klabu. Alikuwa amekuja na nguo ya kazini, nyuzi bado kwenye sketi. Alikuwa anatabasamu. Pengo la lile jino linaonekana akitabasamu, na nilikuwa sijaliona bado, kwa sababu tangu ang'olewe hakuwa ametabasamu.

"Ni wewe kweli?" akaniuliza waliponishusha.

"Ni mimi."

"Wewe uliyeshindwa kufungua kopo la maziwa siku ya harusi?"

"Huyo huyo."

Akacheka. Watu wangu, alicheka! Akanishika mkono, akaona malengelenge, akaacha kucheka, akayapuliza.

Ndani, meza ya katibu wa klabu ilikuwa chini ya ule ubao. Katibu ni mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba, na sauti ya mtu aliyesoma fomu ile ile miaka ishirini.

"Jina la boti. Sawa. Saa ya kukamata? Sawa. Urefu kwa makadirio? Sawa. Picha ninayo. Nani alikaa kitini?"

"Mimi."

"Mwanzo hadi mwisho?"

"Kulikuwa na..." nikaanza.

"Jibu fupi, mwanangu, watu wana njaa. Swali la mwisho ndilo hilo hilo: kuna mtu mwingine aliyeigusa fimbo?"

Mke wangu alikuwa begani kwangu. Nilisikia pumzi yake. Na mniamini, ninyi mnaoniandikia barua za matusi kila wiki, ukweli ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Hakuna," akasema baba mkwe.

Neno lilitoka wima, bila kukwaruza. Mtu ambaye hajawahi kudanganya ana faida hiyo: sauti yake haijui kutetemeka.

Nikageuka. Mzee alikuwa ananiangalia mimi, si ubao. Nikaelewa. Haikuwa kwa ajili ya jina la boti yake ubaoni. Alikuwa ameona binti yake akicheka pale mlangoni. Miaka thelathini na moja ya mizani iliyonyooka, na siku moja ameweka kidole chake mwenyewe kwenye sahani, upande wangu.

Katibu akaanza kuandika. Mizani akisema, nani atauliza mara ya pili?

Binti yake.

"Baba hajawahi kunidanganya hata mara moja," mke wangu akasema, taratibu, kama anayezungumza na mimi peke yangu. "Kwa hiyo najua jibu. Nataka tu nikusikie na wewe ukilisema. Nikizoea kukusikia ukisema kweli, huenda nikazoea na kukuamini. Kuna mtu aliyeigusa?"

Nikisema hakuna, ndio uongo aliosema hataki kuusikia tena, na hatojua, na begi atalichukua leo leo. Nikisema yupo, namvua nguo baba yake mbele ya kinyozi na mji mzima. Mtu pekee duniani ambaye yeye humwamini bila kuuliza.

Nahodha aliangalia mbele. Mbele yake kulikuwa na ukuta. Tisa alianza kuhesabu vidole.

"Mkwe wangu amechoka," akasema mzee, akiniwekea mkono begani. "Mwacheni akale."

"Yupo," nikasema.

Kalamu ya katibu ikasimama katikati ya neno. Mkono wa baba mkwe ukaondoka begani kwangu.

Mke wangu hakuuachia mkono wangu. Aliushika kwa nguvu zaidi, juu ya malengelenge, na macho yakamjaa maji, na kwa mara ya kwanza tangu kliniki ya meno akaniita mume wangu bila kejeli.

"Asante, mume wangu," akasema. "Sasa niambie. Ni nani?"